Asilimia 38 ya nani? Jinsi HBCU zinavyopima nani kafaulu

Simu ikiita saa tisa usiku, sisi tulio huku Marekani tunajua ni msiba. Nimeamka moyo unadunda, napokea, kaka yangu wa Mwanza hata salamu hana: "Mdogo wangu, hiki chuo cha mtoto ulikichunguza kweli?" Kumbe kule ni saa tano asubuhi, kakaa ofisini kwake, kagugo chuo kilichompa binti yake admisheni, kakutana na namba moja imekaa juu kabisa kwa maandishi makubwa, kiwango cha wanaohitimu asilimia 38. "Yaani kwenye mia, sitini na mbili wanadisko? Niuze kiwanja cha Buswelu mtoto akadisko Marekani? Si bora adisko hapa hapa nyumbani kwa bei nafuu."

Nikamwambia kaka nipe siku mbili, usiuze kiwanja na usimfutie mnunuzi. Hizo siku mbili zikawa wiki mbili za voisi noti, nikaona bora niandike yote kwa mkupuo, maana kila msimu wa admisheni kuna mzazi anaangalia namba hii hii na kukata tamaa, na mwingine anaangalia namba ya chuo kingine iliyopakwa rangi na kukimbilia.

Chuo chenyewe sikitaji, ni mojawapo ya HBCU za kusini. HBCU, kwa ambao jina ni geni, ni vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuwasomesha Watu Weusi, hiyo ndo tafsiri ya sheria ya elimu ya juu ya 1965, kwahiyo hata leo ukijenga chuo cha Weusi watupu hakiwi HBCU, mlango ulishafungwa. Viko kama 100 hivi. Cheyney cha Pennsylvania kilianza 1837 utumwa ungali upo, ila vingi vilizaliwa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1865: Howard na Morehouse 1867, Tuskegee na Spelman 1881. Halafu 1890 bunge la Marekani likasema jimbo linalokula hela ya serikali kuu kwa ajili ya vyuo vya kilimo na ufundi, ama liwapokee Weusi kwenye chuo kilichopo, ama liwafungulie cha kwao. Majimbo ya kusini yakawafungulia cha kwao, kisha yakakibania hela, tutafika huko. Ndo ikatokea North Carolina A&T mwaka 1891, ambayo leo ndio HBCU yenye wanafunzi wengi kuliko zote na inatoa mainjinia Weusi wengi kuliko chuo kingine chochote nchini. Na sio kwamba Mzungu anazuiwa getini, anasoma Mzungu, anasoma Mlatino, binti wa Kisukuma pia anasoma.

Sasa ile 38.

Kuna sheria ya 1990 inayokitaka kila chuo ambacho wanafunzi wake wanapata misaada ya serikali kitangaze ni wangapi wanamaliza, na kuna mfumo wa takwimu wa serikali unaitwa IPEDS ambao vyuo vyote vinaujazia fomu kila mwaka. Fomula yake ni hii. Chukua walioanza chuo kwa mara ya kwanza maishani mwao, inteki ya mwezi wa nane au wa tisa, fulltaimu, wanaotafuta digrii. Wafungie kwenye kundi moja. Ngoja miaka sita, yaani digrii ya miaka minne ukiizidisha mara moja na nusu. Kisha hesabu waliomaliza pale pale walipoanzia. Basi, namba ndo hiyo.

Angalia waliobaki nje. Aliyehamia kutoka chuo kingine hayumo, hata akimaliza na GPA ya kutisha chuo hakipati pointi. Aliyeanza patitaimu hayumo. Aliyeanza Januari hayumo. Mama aliyesoma mwaka mmoja zamani, akazaa, akalea, akarudi kumalizia akiwa na miaka 40, hayumo. Na ubaya wa upande wa pili: aliyeanzia kwako akahama na kumaliza kwingine, kwako anaandikwa hakumaliza, anakaa kapu moja na aliyedisko. Wanaotolewa kwenye hesabu ni wachache sana, mfano aliyefariki au aliyeingia jeshini.

Nilimpa kaka mfano wa Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Azikiwe alifika Marekani miaka ya 1920, akapitia Storer kule West Virginia kwa masomo ya maandalizi, akaingia Howard, pesa zikamsumbua, akahamia Lincoln ya Pennsylvania na huko ndiko alikopata digrii mwaka 1930. Vyote vitatu vya Weusi. Sasa mpitishe kwenye fomula ya leo: Howard anahesabiwa hakumaliza, maana kaondoka, na Lincoln hahesabiwi kabisa, maana kaingia kwa kuhamia. Yaani mtu kaenda kuongoza nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa idadi ya watu, halafu kwenye takwimu Howard kawatia hasara na Lincoln hawamjui. Mbiyu Koinange wa Kenya naye njia yake ilikuwa hiyo hiyo, alianzia Hampton akamalizia digrii kwingine, na aliporudi akafungua chuo cha walimu Githunguri.

Kaka akacheka, akasema sawa lakini huyo ni Azikiwe, wangu ni wa kawaida. Haya, wa kawaida.

Nilifanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala moja na jamaa wa Alabama, Mmarekani Mweusi, mcheshi, anakunja maboksi haraka kuliko mashine. Alikuwa anatembea na karatasi kwenye waleti, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika: salio la chuo, dola 1,140. Alisoma miaka miwili na nusu, hakuwahi kufeli somo, semesta moja bibi yake akaugua, akakosa zamu, hela ya hosteli ikabaki. Chuo kikaweka zuio kwenye akaunti yake, ukiwa na zuio huwezi kusajili masomo, na transkripti nayo hawaitoi kwahiyo hata kuhamia kwingine huwezi kwa sababu huna cha kuonyesha. Dola 1,140. Alikaa nje miaka mitatu. Alivyolipa ile karatasi akaenda chuo cha jamii, akahamishia chuo cha jimbo, akamaliza ana miaka 29. Siku ya mahafali nilikuwepo, bibi mwenyewe alishatangulia mbele za haki. Kwenye vitabu vya chuo chake cha kwanza, huyu ni mmoja wa wale sitini na mbili.

Kuna hesabu nyingine za kusaidia hapo. Shirika moja linaloitwa National Student Clearinghouse linafuatilia mwanafunzi popote anapokwenda, kwahiyo chuo kinaweza kusema hawa wamemaliza kwetu, hawa wamemaliza kwingine, hawa bado wanasoma. Na serikali yenyewe tangu mwaka wa masomo 2015/16 imeongeza fomu ya pili kwenye IPEDS inayowahesabu wa patitaimu na waliohamia, na inasubiri mpaka miaka minane. Shida ni kwamba namba ya zamani ndo inayokaa juu ya kurasa zote, hiyo mpya mzazi wa Mwanza haioni mpaka achimbe.

Na kituko kimoja hapa katikati. Kwenye IPEDS mwanafunzi wa kigeni mwenye viza hawekwi kwenye rangi yoyote, ana kapu lake la wageni. Kwahiyo mpwa wenu akifika pale, msichana mweusi tii kutoka Nyamagana, ndani ya chuo cha Watu Weusi, kitakwimu sio Mweusi. Atahesabiwa kwenye kundi la wanaomaliza, hilo lipo, ila ukitafuta mstari wa Weusi humkuti.

Kaka ni mhasibu, na kilichomkolea zaidi ni hii ya krediti. Digrii ya kawaida huku ni krediti 120. Serikali inakuita fulltaimu ukichukua krediti 12 kwa semesta. Piga hesabu: 12 mara semesta nane ni 96. Yaani kijana anafuata sheria zote, fulltaimu kwenye karatasi, hajafeli hata somo moja, na baada ya miaka minne anadaiwa krediti 24, mwaka mzima. Ili umalize kwa minne inabidi upige 15 kila semesta. Sasa mwambie anayefanya kazi saa 25 kwa wiki apige 15. Ndo maana vyuo vingi, HBCU na visivyo HBCU, vimeanza kupima kitu kidogo cha mapema zaidi: mwaka wa kwanza wangapi wamefikisha krediti 30? Hiyo unaijua baada ya miezi tisa, huna haja ya kusubiri miaka sita ndo ugundue watu wamekwama.

Halafu hela. Nisiposema hela nitakuwa nimedanganya, maana robo tatu ya haya mambo ni hela.

Kuna ruzuku ya serikali inaitwa Pell, inaenda kwa familia za kipato cha chini, mwaka wa masomo 2024/25 ya juu kabisa ilikuwa dola 7,395. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa HBCU wanaipata. Kwa anayesoma bumu nyumbani: fikiria chuo ambacho zaidi ya nusu ya darasa inaishi kwa bumu, na bumu halitoshi ada achilia mbali chakula. Sasa pembeni weka chuo ambacho wazazi wengi wa wanafunzi ni madaktari na mawakili, gari likiharibika baba analipa, kisha mshindanishe kwa nani anamaliza ndani ya miaka sita. Wapo watafiti waliolinganisha HBCU na vyuo vingine vyenye wanafunzi wa kipato kile kile na maksi zile zile za kuingilia, na pengo linapungua sana, kuna hesabu zinazoonyesha HBCU zinazidi. Mimi naona hilo ndo la kushika. Sio kwamba 38 ni nzuri, 38 sio nzuri, watu 62 ni watu. Ila ukisema chuo kimewafelisha inabidi kwanza ujue kiliwapokea wakiwa wamebeba nini mgongoni.

Na wakati mwingine kigingi kinapigwa kutoka juu. Mwaka 2011 wizara ya elimu ya Marekani ilikaza masharti ya mkopo wanaochukua wazazi, ghafla tu, na maelfu ya familia za HBCU zikanyimwa katikati ya safari, vijana wakafungasha mabegi. Waziri Arne Duncan alikuja kuomba radhi 2013. Radhi imepokelewa, lakini wale walioondoka walibaki kwenye hesabu za vyuo kama hawakumaliza, na hakuna safu kwenye fomu ya kuandika sababu ni wizara.

Vyuo vyenyewe navyo vimeishi kwa kubangaiza. Mfuko wa akiba wa Harvard unapita dola bilioni 50, Howard ambayo ndo tajiri kuliko HBCU zote inazunguka bilioni moja. Mwaka 2023 mawaziri wawili wa serikali kuu, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 wakiwaambia vile vyuo vya Weusi vya sheria ya 1890 vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kwa miaka kama 30 ukilinganisha na wenzao wa Kizungu wa jimbo hilo hilo, Tennessee State peke yake kama bilioni 2.1. Bilioni mbili hizo zingefuta karatasi ngapi za dola 1,140, wewe piga.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, chuo kinapimaje. Huku hakuna TCU, ile tume ya vyuo vikuu ya nyumbani Tanzania. Serikali haitoi ithibati kwa mkono wake, kuna tume za vyuo vyenyewe, na kwa HBCU nyingi za kusini tume hiyo ilikuwa na bado ni SACSCOC, makao yake Decatur, Georgia. Kila miaka 10 wanakuja na faili nzito, na katikati ya safari, mwaka wa tano, kuna ripoti ndogo. Ukinyang'anywa ithibati wanafunzi wako hawapati Pell wala mkopo wa serikali, na chuo cha watu wa Pell kikikosa Pell kimekwisha. Sio mfano wa kufikirika. Morris Brown cha Atlanta, kilichoanzishwa 1881, kilipoteza ithibati 2002 kwa sababu ya mambo ya pesa, wanafunzi zaidi ya 2,000 wakayeyuka mpaka kubaki makumi, majengo yakabaki magofu, na ithibati kamili walikuja kuipata tena 2022, kwa tume nyingine. Miaka 20.

Kwenye masharti ya SACSCOC kuna kifungu, 8.1, ndo kinachozaa zile kurasa za mafanikio ya wanafunzi unazoziona kwenye tovuti za vyuo. Kwa maneno yangu kinasema: chuo kiweke malengo ya mafanikio ya wanafunzi yanayoendana na dhamira yake, na aina ya wanafunzi inaowapokea, na aina ya programu inazofundisha, kipime, kitangaze hadharani, na kisitumie kipimo kimoja tu. Soma tena hapo kati, aina ya wanafunzi. Ndani ya hayo maneno machache kuna ugomvi wa miaka mingi. Maana yake tume haisemi kila chuo kifikishe 60. Inasema wewe chuo tuambie wanafunzi wako ni akina nani, chagua vipimo, kila kipimo kipe namba mbili, moja ya sakafu ambayo ukishuka chini yake ni aibu, na moja ya juu unayoikimbilia, halafu tutetee kwa nini umeweka hapo na sio kwingine, na kama umeshuka umefanya nini. Wakaguzi ni watu wa vyuo vingine, wanaelewa janja zote kwa sababu nao kwao wanazifanya.

Mwanya upo, hata mtoto anauona: weka sakafu chini sana kila mwaka utaivuka, utaandika lengo limefikiwa kwa rangi ya kijani. Nimeona majedwali ya hivyo. Kwahiyo ukifungua ukurasa wa chuo usikimbilie kijani, angalia sakafu imewekwa wapi na kama ndani ya miaka mitano imewahi kupandishwa.

Vipimo vinavyojaa humo vinafanana karibu kila chuo. Wanaorudi mwaka wa pili, hicho mimi ndo nakipenda kuliko vyote, kwa sababu wengi wanaopotea wanapotea kati ya mwaka wa kwanza na wa pili na chuo kinaweza kufanya kitu kesho asubuhi. Wanaomaliza. Walioshindwa kulipa mikopo, ambapo serikali inaweza kukifungia chuo misaada kikifika asilimia 30 miaka mitatu mfululizo au kikivuka 40 mwaka mmoja, ingawa hapa muwe makini, ukiona chuo kinajisifia sifuri kwenye makundi yaliyokuta korona, malipo ya mikopo yalisimamishwa nchi nzima kuanzia 2020 mpaka 2023, kila mtu alikuwa sifuri.

Kisha mitihani ya leseni. Wauguzi wanafanya NCLEX, walimu Praxis, mawakili mtihani wa uwakili. Hizi zinaonekana ni namba safi, umefaulu au umefeli, lakini lile swali la nani kahesabiwa linawafuata hata humu. Kiwango cha kufaulu NCLEX kinahesabu waliofanya mtihani mara ya kwanza. Chuo kinaweza kuweka mtihani wake wa ndani kabla, asiyeupita haruhusiwi kumaliza, kwahiyo NCLEX haifiki. Ukiwa na darasa la 60 ukapeleka 30 waliochujwa, ufaulu wako ni wa kupigia picha. Kwa vyuo vya sheria, chama cha mawakili cha Marekani kupitia baraza lake kiliamua 2019 kwamba robo tatu ya wahitimu waliofanya mtihani wawe wamefaulu ndani ya miaka miwili, na mabishano yalikuwa makali, kwa sababu shule za sheria za HBCU zinapokea watu wenye maksi ndogo za kuingilia makusudi, hiyo ndo kazi yao, na waliona kamba inakazwa shingoni mwao kwanza. Waliotetea sheria walisema mbona unamchukulia mtu ada ya miaka mitatu akatoke hana leseni. Wote wawili wana hoja, na mimi sijawahi kuamua.

Halafu kuna kazi. Miezi sita baada ya mahafali chuo kinawauliza wahitimu uko wapi, unafanya nini. Chama cha maofisa ajira wa vyuo, NACE, kinashauri chuo kijue walipo angalau asilimia 65 ya wahitimu ndo namba iaminike. Kwahiyo chuo kikisema asilimia 90 wana kazi au wanaendelea na masomo, swali la kwanza ni 90 ya wangapi mliowapata. Asiye na kazi huwa hajibu dodoso, ana hasira zake.

Hapa nilipata kitu kilichonifurahisha. Kuwatafuta wahitimu na kuwauliza uko wapi, watu wanadhani ni mambo ya juzi ya kompyuta. Mwaka 1900 kwenye Chuo Kikuu cha Atlanta, HBCU, ambako W.E.B. Du Bois alikuwa profesa, mkutano wao wa utafiti uliamua kuwasaka Weusi wote waliopata digrii Marekani. Hawakuwa na simu ya mkononi wala imeili, ni barua na stempu. Wakapata majibu ya karibu theluthi mbili ya waliokuwa hai, yaani ile ile 65 ya NACE, miaka zaidi ya mia kabla. Na majibu yao: asilimia 53 walimu na wakuu wa shule, 17 wachungaji, 17 kwenye taaluma hasa udaktari, 6 na kidogo wafanyabiashara, wakulima na mafundi, 4 serikalini. Hakuna mshahara kwenye hesabu ile. Swali lilikuwa umemsomesha mtu, je, amerudi kwa watu wake kufanya nini, na ukiona nusu ni walimu, kwa watu ambao wazazi wao walikatazwa kisheria kujua kusoma, hapo umeshajibiwa. Siku hizi HBCU nyingi kwenye dhamira zao bado wanaandika uongozi na kuitumikia jamii, ila ukienda kwenye jedwali la vipimo hukuti safu yake, kwa sababu ni ngumu kuhesabu na tume haiilazimishi. Naona ni hasara. Du Bois aliiweza kwa stempu.

Tuangalie chuo kimoja kwa karibu. Xavier ya New Orleans, ilianza 1925, ndio HBCU pekee ya Kikatoliki, wanafunzi wake wote ni elfu tatu na kitu, yaani kuna sekondari za kata zinakaribia, lakini kwa miongo imekuwa juu kabisa nchini kwa kutoa Weusi wanaoingia shule za udaktari, imewapita majina makubwa yenye mabilioni. Walifanyaje? Sio muujiza. Walimu wa kemia walikaa wakakubaliana kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe kwa mwalimu yupi, atasoma desa moja, kitabu kimoja cha kazi, majaribio kila wiki, sio mtihani mmoja wa mwisho wa kukutega. Kuanzia 1977 wakawa na programu ya kiangazi ya kuwanoa watoto kabla hawajaanza chuo, kufikiri na kusoma kwa uchambuzi. Wa mwaka wa juu wanawafundisha wa chini. Na kuna ofisi inamkumbusha mtoto tarehe za maombi ya udaktari mpaka anachoka, maana mtoto ambaye kwao hakuna daktari hajui kwamba fomu inafunguliwa mwezi gani. Rais wao Norman Francis alikaa madarakani kuanzia 1968 mpaka 2015, na hiyo pia sio jambo dogo, mipango mingine inataka mtu mmoja asiyehama. Mafuriko ya Katrina 2005 yalizamisha kampasi, Januari 2006 walikuwa wamerudi darasani.

Sasa kiwango cha Xavier cha kumaliza miaka sita hakijawahi kuwa cha kutamba nacho. Ukichuja vyuo kwa namba ile moja aliyoiangalia kaka, Xavier unaitupa. Na ukichuja kwa namba hiyo hiyo unabaki na Spelman, ambayo inapita asilimia 70 miaka nenda rudi, ila Spelman inachagua wanafunzi kwa kubana sana. Kwahiyo unakuwa umepima mlango, hujapima darasa.

Kuna utafiti mmoja wa 2015 wa Gallup, shirika la kura za maoni, ambao watu wa HBCU wanaupenda sana, na mimi naupenda, waliwauliza wahitimu Weusi kama walikuwa na walimu waliowajali kama binadamu. Waliosoma HBCU asilimia 58 walisema ndio, waliosoma kwingine 25. Hiyo tofauti sio ya kuchezea. Ila kaka, baada ya wiki mbili za kufundishwa, alinikatisha kwenye simu: "Waliulizwa waliomaliza tu, si ndiyo? Wale sitini na mbili nani aliwauliza?" Nikakaa kimya. Ni kweli, hakuna aliyewauliza.

Binti mwenyewe wakati huo wote yuko kimya, nadhani alishachoka na sisi wazee. Jumatatu moja akanitumia meseji, shikamoo ba' mdogo, naomba unisaidie kuandika imeili kwa ofisi ya takwimu ya chuo. Kila chuo kina hiyo ofisi, wanajibu, watu tu hawaulizi. Akaomba vitu vitatu: wanaorudi mwaka wa pili kwa miaka mitano iliyopita, wasiomaliza pale wangapi wamemaliza kwingine, na NCLEX maana anataka uuguzi. Siku nne wakamjibu, faili la Exceli lenye kurasa sita, na mtu wa pale kaandika chini karibu sana, ukiwa na swali lingine uliza. Wanaorudi mwaka wa pili walikuwa wamepanda kila mwaka isipokuwa mmoja. Katika wale 62, zaidi ya kumi walikuwa wamemaliza vyuo vingine, na wengine bado wako darasani.

Nikadhani biashara imeisha. Juzi saa tisa usiku simu hiyo.

"Kaka, kuna nini tena?"

"Nimefungua ukurasa wa wauguzi. Wameandika 41 walifanya mtihani, 37 wakafaulu mara ya kwanza."

"Si nzuri hiyo?"

"Nzuri. Ila hao 41, siku ya kwanza darasani walikuwa wangapi?"